Usiandike barua hiyo ya kuacha kazi

Usiiandike. Umesema afisa rasilimali watu amewapa hadi Ijumaa kila mmoja wenu awe amepeleka barua ya kuacha kazi kwa hiari, ili kampuni iwaharakishie malipo ya kifuta jasho, kisha mwende NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mkachukue fao la kukosa ajira. Hapo hapo umeuliza fao hilo hutoka baada ya muda gani, miezi ambayo mwajiri hakupeleka michango inahesabiwaje, likizo ambayo hukuichukua inalipwaje, na kama unaruhusiwa kuendesha bodaboda wakati unasubiri. Hayo yote ni maswali ya mtu ambaye bado ana madai. Ukishasaini barua hiyo, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba fao halitoki kabisa, na sioni faida ya kujua litachukua wiki ngapi kutotoka.

Masharti ya fao hili hayajafichwa popote. Liliwekwa katika mfumo wa sasa wa hifadhi ya jamii mwaka 2018, wakati mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ilipounganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, kwa ajili ya watumishi wa umma na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Lilikuja kushika nafasi ya lile fao la kujitoa tulilolizoea, la mtu kuchukua michango yake akiacha kazi. Mwanachama anatakiwa awe raia wa Tanzania, awe hajafikisha miaka 55, awe amechangia kwa muda usiopungua miezi 18, awe hajapata ajira nyingine, na ajira yake iwe imekoma kwa sababu isiyokuwa yeye mwenyewe kuacha kazi. Anayetimiza hayo hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi kwa miezi 6. Kwa mtu aliyekuwa akipokea shilingi 600,000, hiyo ni karibu 200,000 kwa mwezi, yaani takriban 1,200,000 kwa jumla. Wewe unaombwa uiache kwa sentensi moja ambayo hata hukuitunga.

Ninasema hukuitunga kwa sababu ninaijua namna inavyotungwa. Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha vifungashio, na siku waliyoamua kutupunguza tuliitwa ofisini mmoja mmoja tukiwa bado na ovaroli. Barua zilikuwa zimechapwa tayari, zimepangwa mezani chini ya stepla, kila moja ikiwa na nafasi ya jina na nafasi ya tarehe, na katikati imeandikwa kwamba ninaomba kuacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe kutokana na sababu za kifamilia. Sikuwa na sababu yoyote ya kifamilia. Familia yangu ilikuwa na sababu zote za kutaka niendelee na kazi. Afisa alinieleza kwamba barua ya namna hiyo italinda jina langu, kwamba mwajiri ajaye hataona neno la kuachishwa, na kwamba wanaosaini mapema watalipwa mapema. Nikasaini. Kalamu ilikuwa yake, kwa hiyo niseme tu kwamba katika shughuli ile mimi nilichangia sahihi na wao wakachangia wino.

Baadaye nilipewa barua ya kampuni iliyosema kwamba menejimenti imepokea na kuridhia ombi langu. Nilifurahi, nikaiweka kwenye bahasha pamoja na vyeti vya watoto, nikaipeleka kwenye dirisha la mafao nikiwa na uhakika kwamba barua yenye nembo na muhuri haiwezi kukataliwa. Yule dada wa dirishani hakunikaripia hata kidogo. Aliipitia fomu, akalinganisha namba yangu ya kitambulisho cha taifa, NIDA, akafika kwenye barua, akaigeuza upande wangu na kuweka kidole chini ya neno "ombi lako", kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, uliomba mwenyewe?" Nilifikiria kulikana jina langu. Nilipoanza kueleza habari za meza, stepla na foleni ya watu wenye ovaroli, alinisikiliza hadi mwisho, na jibu lake lilikuwa la kweli kisheria: yeye anaamua kwa karatasi iliyo mbele yake, na karatasi inasema niliondoka kwa kupenda.

Fao ni hasara moja tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetumikia mfululizo angalau miezi 12 kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, lakini inakitoa pale ambapo mwajiri ndiye aliyevunja ajira. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri anayelipa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, au alipe mshahara badala yake, anapokuondoa yeye. Ukiondoka wewe, notisi hiyo ni wewe unayedaiwa. Aidha, kampuni inayotaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji inatakiwa itoe taarifa ya nia hiyo, ieleze sababu, na ishauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo yatakayotolewa. Barua ya hiari inawafutia yote hayo kwa pamoja: hakuna mashauriano, hakuna notisi, hakuna kiinua mgongo, hakuna mtu aliyeachishwa. Sasa linganisha na hicho kifuta jasho wanachokuahidi, ambacho nina hakika hakijaandikwa mahali popote, kwa maana na changu hakikuandikwa, na kilipofika kilikuwa kimepungua njiani kama maji ya mtungi uliotoboka.

Hapa naomba univumilie niseme jambo kuhusu maafisa wa aina hii, kwa sababu limenikaa. Mtu huyo amesoma sheria ya kazi. Anazijua siku 28, anazijua siku 7, anajua dirisha la mafao litaangalia neno gani. Asingekuwa anajua, barua zisingechapwa kwa maneno yaleyale yanayomwokoa mwajiri na kumwangusha mfanyakazi. Halafu anakuvutia kiti, anakuita "kaka yangu", anauliza habari za wazazi, na kukuambia anafanya hivi kwa faida yako. Mimi hadi leo mtu wa ofisini akiniambia jambo ni kwa faida yangu huwa ninatafuta miwani.

Kanuni yangu ni moja, na wala siihitaji ya pili: sababu ya kuondoka kwako iandikwe na yule anayekuondoa. Kama kampuni imekosa oda, waandike kwamba imekosa oda. Kama wanapunguza watu, barua iseme umepunguzwa kutokana na mahitaji ya uendeshaji, itaje tarehe ya mwisho ya kazi, na isainiwe na wao. Wakikuletea mkataba wa kuachana kwa maelewano, ambao nao ni halali, uende nao nyumbani ukausome, utafute sentensi inayoeleza sababu, na kama kuna neno "ombi" au "hiari" upande wako, lirudi kwao kurekebishwa kabla hujagusa kalamu. Jina lako halitachafuka. Mwajiri ajaye anajua kwamba viwanda hupunguza watu, na hata cheti cha utumishi ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma hutakiombea msamaha kwa sababu ulipunguzwa.

Wenzako waliokwisha kusaini, kama wapo, waambie leo, wasisubiri kuona kama watalipwa. Kumlazimisha mtu ajiuzulu kunatambuliwa na sheria kuwa ni namna ya kuachishwa kazi, pale mwajiri anapoyafanya mazingira ya kazi yasivumilike hadi mfanyakazi akaona hana njia ila kuondoka. Lakini anayedai hivyo ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alisukumwa. Wakusanye kila kitu: ujumbe wa WhatsApp uliowapangia siku ya mwisho, tangazo la ubaoni, majina ya walioitwa siku ileile, na zaidi ya yote nakala za barua zenyewe, maana barua za watu wengi zenye sababu ileile ya kifamilia, herufi zilezile na tarehe ileile zinajieleza zenyewe, isipokuwa iwe kiwanda kizima kilifiwa usiku mmoja.

Shauri la kupinga kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, kwa fomu F1, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Madai ya aina nyingine yana siku 60. Hawatozi ada ya kufungua shauri, na unaweza kujisimamia mwenyewe, kusimamiwa na chama chako au na wakili. Huanza kwa usuluhishi, ikishindikana huenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani hukumu ya Tume, ana wiki 6 za kuomba mapitio katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Njia hiyo ni ndefu, siwezi kukudanganya, ila mlango wake wa kuingilia ni mfupi sana, na mimi niliukuta umefungwa. Palikuwa na bwana mmoja kijiweni kwetu, aliyekuwa akisikilizwa na watu wote kwa sababu aliwahi kushtakiwa na kushinda, ambaye alinishauri nisifungue lolote hadi kifuta jasho kiingie, eti wakisikia nimekwenda CMA watakizuia. Nilimsikiliza, siku 30 zikapita, na nilipofika nililazimika kuambatanisha fomu F2 ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, nikieleza kwamba nilichelewa kwa sababu niliahidiwa malipo. Kusubiri ahadi hakukuhesabiwa kuwa sababu ya msingi ya kuchelewa. Bwana yule bado yuko kijiweni na bado anatoa ushauri, na kahawa huwa tunamlipia sisi.

Kuhusu michango iliyoruka, kwa kuwa umeuliza, ishughulikie ukiwa bado kazini. Angalia taarifa yako ya michango kwa simu, kwenye tovuti ya mfuko au ofisini kwao, uiweke kando ya hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, wewe usikatwe zaidi ya 10, na mwajiri anatakiwa aupeleke ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Mwezi ambao hati inaonyesha umekatwa lakini taarifa haina kitu, hilo ni deni la mwajiri kwa mfuko, na mfuko una mamlaka ya kulidai hadi mahakamani. Lakini bila hati ya mshahara utabaki ukieleza kwa mdomo, na ile miezi 18 inahesabiwa kwa michango inayoonekana. Hati zilizo kwenye kompyuta ya ofisi zitoe wiki hii, maana ukishatoka getini nenosiri lako nalo litakuwa limetoka.

Ijumaa, basi, ukiitwa, nenda na barua yako fupi isemayo kwamba huna nia ya kuacha kazi, kwamba uko tayari kushiriki mashauriano ya upunguzaji kwa mujibu wa sheria, na kwamba unaomba uamuzi wowote wa menejimenti uwekwe kwa maandishi. Iwe nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe ya ofisi mbele ya macho yao na nakala ijitumie kwenye barua pepe yako binafsi. Wakikupa karatasi na kukwambia saini tu kuthibitisha kwamba umeiona, andika juu ya sahihi yako "Nimepokea, sikubaliani na maelezo", weka tarehe, ipige picha kabla hujairudisha. Siku watakayokupa barua ya kukuondoa ndiyo siku ya kuanza kuhesabu zile 30, na fomu F1 lazima umpelekee mwajiri nakala yake kwanza, kwa maana CMA watataka uthibitisho kwamba ameipata. Uthibitisho huo mpatie mtu wa mapokezi ausaini, si yule afisa, kwa sababu siku hiyo yeye atakuwa kwenye kikao.