Maswali ya Wasomaji: Helmeti imeanguka, niitupe?

SWALI: Habari za kazi. Naendesha bodaboda, kijiwe changu kipo Kange, Tanga. Juzi helmeti iliteleza kwenye siti ikaangukia lami. Nje ina mkwaruzo tu, lakini wenzangu wanasema haifai tena. Ngamiani nimeona mpya za bei nafuu zenye stika ya DOT, ile alama ya kiwango cha Marekani. Niitupe ya zamani?
– Dereva, Kange

JIBU: Usiitupe kabla hujaikagua. Gamba la nje linagawanya pigo na kuzuia vitu vyenye ncha, lakini kinachokula pigo lenyewe ni povu gumu jeupe lililo chini ya sponji, la aina ile inayofungashiwa televisheni. Kichwa kikiligandamiza, linasinyaa na halirudi tena. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali ikiwa kichwani ni ya kutupwa hata kama gamba linang'aa. Yako imeanguka tupu, na hakukuwa na kichwa cha kulibonyeza povu kutokea ndani, kwa hiyo mara nyingi huwa imesalimika.

Vua sponji zote upitishe kidole gumba kwenye povu, taratibu, hasa usawa wa pale ilipopigia. Ukikuta pamebonyea au kuna mstari wa ufa, hiyo imekwisha. Halafu shika mikanda miwili, tanua helmeti kidogo huku umetega sikio. Ikilia kama kitu kinachosagana, gamba limepasuka. Angalia na ribiti za mkanda kama hazichezi.

Kuna uharibifu mwingine ambao madereva wengi hawauhesabu: kuitundika kwenye saitimira kutwa nzima. Ncha ya kioo inachimba povu siku hadi siku. Kuiweka juu ya tangi nako si kuzuri, kwani petroli na mvuke wake hula povu hilo. Hata ikitunzwa vizuri, watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka 5 hivi ya kutumika.

Kuhusu hizo mpya, stika ya nyuma isikushawishi, maana yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuitengeneza. Ibebe mkononi. Helmeti ya kweli inayofunika uso huwa na uzito wa kilo 1.3 hadi 1.7, ikiwa nusu kilo, hilo ni pambo. Povu liwe nene, takriban sentimita 2.5, na lizunguke mpaka pembeni mwa kichwa, si utosini peke yake. Zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya huwa na kitambaa kilichoshonewa mkandani chenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 3 Italia, 4 Uholanzi. Herufi P inaonyesha kwamba sehemu ya kidevu imepimwa kukinga. J ni ya helmeti iliyo wazi usoni. Nazo za kughushi zipo, kwa hiyo kitambaa na uzito viende pamoja.

SWALI: Mimi ni abiria wa kila siku, Makorora hadi Chumbageni, na navaa ushungi. Helmeti ya bodaboda inakaa juujuu na inacheza. Nifanyeje?
– Dada wa Makorora

JIBU: Dada yetu, helmeti inayocheza itachomoka. Tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa helmeti hupunguza kufa kwa takriban asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69, lakini inabidi iwe bado ipo kichwani wakati kichwa kinagonga barabara.

Shusha fundo la nywele hadi kisogoni, chini ya ukingo wa helmeti. Ondoa pini zote za utosini na za pembeni. Pigo likija, pini inasukumwa kwenye ngozi. Baki na kofia nyembamba ya ndani na mtandio mmoja mwepesi, ncha zake uzichomeke ndani ya nguo zisije zikanaswa na mnyororo.

Kwa safari za kila siku, nunua yako. Jipime na tepu ya fundi cherehani sentimita 2 juu ya nyusi ukizungusha hadi kisogoni, ukiwa na hiyo kofia ya ndani. Sentimita 55–56 kwa kawaida ni S, 57–58 ni M, 59–60 ni L. Ikiwa mpya, ibane mashavu kidogo bila kuumiza paji la uso. Funga mkanda ubakize nafasi ya vidole viwili chini ya kidevu, kisha mwombe mtu aivute kwa nyuma kuelekea mbele. Ikivuka nyusi, hiyo si saizi yako.

SWALI: Kioo cheusi cha helmeti usiku kina shida?
– Msomaji, Pongwe

JIBU: Kina shida kubwa. Weka cheupe.

SWALI: Helmeti ya abiria inanuka jasho. Naweza kuisafisha kwa petroli?
– Dereva, Raskazone

JIBU: Hapana, wala tina ya kuchanganyia rangi. Sponji zinazovuliwa zifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto, uzikamue kwa kubonyeza bila kusokota. Povu na gamba vifute kwa kitambaa chenye maji hayohayo. Kwenye kioo weka kwanza kitambaa kilicholowa kwa dakika chache ili vumbi na chumvi ya upepo wa bahari vilainike; ukisugua kikiwa kikavu unakichora. Anika kivulini, na abiria wako wape kofia nyepesi za kuvaa chini ya helmeti, kila mmoja ya kwake.