Kumshikia mtoto kwenye eksirei

Dadangu nesi wa Malindi, umeuliza kama aproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, inakutosha ukimshikia mtoto apigwe eksirei. Inasaidia sana, ila mionzi inayokufikia wewe, mingi hutawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo umbali ni kinga kubwa: ukisimama mita 2 kutoka kwake badala ya 1, unapata takriban robo tu. Mtoto ashikwe na mzazi aliyevishwa aproni (kama ni mama, aulizwe kwanza kuhusu mimba), si wewe kila siku. Na hiyo aproni msiikunje jamani! Itundikeni. Risasi ikipasuka ndani, kwa nje huoni kitu. Beji ya kupimia mionzi nayo ivae kila zamu, haifanyi kazi ikiwa kwenye droo.