Ncha ya Kusini haikugunduliwa, ilifikiwa

SWALI: Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ameandika katika insha: "Roald Amundsen aligundua Ncha ya Kusini mwaka 1911. Baadaye meli ya Shackleton ilizama Ncha ya Kusini." Mwalimu mwenzangu wa jiografia anasema hiyo sentensi ya kwanza haina tatizo, kwa kuwa hata vitabuni imo. Je, ni kweli? Na watu hawa tuwaite wagunduzi, wavumbuzi au wapelelezi?

JIBU: Sentensi zote mbili zina makosa, Mwalimu, na la kwanza ndilo baya zaidi kwa kuwa limeshazoeleka. Amundsen hakugundua Ncha ya Kusini. Alifika. Yeye na wenzake wanne, Helmer Hanssen, Oscar Wisting, Sverre Hassel na Olav Bjaaland, ndio watu wa kwanza kufika huko, tarehe 14 Desemba 1911. Mwanafunzi akiandika "alifika Ncha ya Kusini" au "aliifikia Ncha ya Kusini", mpe alama zake. Akiandika "aligundua", msahihishe, na huyo mwenzako wa jiografia msahihishe pia.

Asili ya maneno haitatuchelewesha. Kugundua, tangu zamani, ni kumshtukia mtu, kumkuta hali hakutazamia, na kutoka hapo likapata maana ya kubaini jambo lililofichika au lisilojulikana. Kuvumbua ni kinyume cha kuvumbika. Ndizi huvumbikwa ziive, anayezifukua anazivumbua. Maneno yote mawili yanadai kitu kimoja: pawe na kitu ambacho hakijulikani kipo, au kipo wapi, kisha mtu akitoe hadharani.

Sasa niambie, mwaka 1911 nani hakujua Ncha ya Kusini ilipo? Ncha ni mahali ambapo mhimili wa dunia unatokeza, digrii 90 kamili kusini mwa Ikweta. Ilikuwa imechorwa kwenye kila tufe la darasani Ulaya kabla Amundsen hajazaliwa. Huwezi kugundua nukta ambayo watu wameshaipigia hesabu hadi sekunde ya mwisho. Kilichokosekana ni mtu aliyekwenda akasimama pale, akahakikisha kuwa ni pale, akarudi hai kusimulia. Kazi hizo ni tatu, na kitenzi "gundua" kinazifuta zote kwa mkupuo. Ndiyo maana kinaniudhi. Kinamfanya msomaji adhani jamaa alikuwa akipita zake, mara akaikuta Ncha imekaa njiani.

Tazama safari yenyewe. Kati ya Februari na Aprili 1911, kabla giza la majira ya baridi halijaingia, watu wa Amundsen walisomba tani 3 hivi za chakula na mafuta kwa sleji za mbwa (vigari vya kuteleza juu ya theluji), wakaziweka akiba katika latitudo 80, 81 na 82. Akiba peke yake si kinga. Ukungu ukishuka, au ukipotea njia kilomita mbili tu, utaipita bila kuiona. Kwa hiyo kwenye akiba ya digrii 80 walisimika bendera 10 upande wa mashariki na 10 upande wa magharibi, zikitengana mita 900 hivi, kila moja ikiwa na namba. Mtu anayerudi kutoka kusini akikosea, atakutana na bendera mojawapo katika upana wa kilomita 18, na namba itamwambia akate kulia au kushoto. Makopo ya mafuta ya taa yalizibwa kwa lehemu yasivuje.

Msafara wa Robert Falcon Scott wa Uingereza, ulioshindania Ncha hiyohiyo msimu uleule, ulikuwa na makopo yaliyozibwa kwa vizibo vyenye pete za ngozi. Kwenye baridi kali ngozi hukauka na kusinyaa, mafuta yakapotea kidogo kidogo, na watu waliokuwa wakirudi walikuta kila akiba ina upungufu. Bila mafuta huyeyushi barafu, na bila kuyeyusha barafu hunywi maji wala hupiki. Akiba yao kubwa ilikusudiwa iwekwe digrii 80, lakini farasi walichoka, ikashushwa digrii 79 na dakika 29. Scott na wenzake wawili wa mwisho walifia hemani mwishoni mwa Machi 1912, wamebakiza kilomita 20 hivi kuifikia. Ukishayajua haya, neno "fikia" linakuwa na uzito wake halali. Kufikia ni kufika mahali ulipopakusudia, na katika Kiswahili ni pia kupata mahali pa kulala ukiwa safarini: "Amefikia kwa shangazi yake." Scott aliifikia Ncha, hakuifikia akiba. Jaribu kusema hivyo kwa "gundua".

Kisha kuna kazi ya pili, kuhakikisha, ambayo wanaoandika "aligundua" hawaitaji kamwe. Ncha ya Kusini haina alama. Ni uwanda mweupe ulio mita 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari, sawasawa kila upande. Utajuaje umefika? Unapima mwinuko wa jua. Mwezi Desemba kule jua halitui, linazunguka mbingu mchana na usiku. Ukiwa nchani hasa, linazunguka likiwa na kimo kilekile saa zote 24. Ukiwa kando, upande mmoja wa mzunguko litapanda na upande wa pili litashuka. Dakika moja ya digrii ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Kwa hiyo ukiwa umekosea kwa maili 10, jua litapishana dakika 20 kati ya kimo chake cha juu na cha chini. Amundsen alitumia sekstanti, chombo cha kupimia pembe. Chombo hicho baharini huhitaji mstari wa upeo wa macho, na juu ya theluji yenye mawimbi upeo huo hauaminiki. Badala yake walitumia sinia ndogo ya zebaki: unapima pembe kati ya jua na taswira yake ndani ya zebaki, halafu unaigawa kwa mbili. Zebaki huganda kwenye nyuzijoto 39 chini ya sifuri, kwa hiyo hata hesabu hii ina majira yake. Na kwa kuwa jua lenyewe husogea dakika mbili tatu kwa siku katika tarehe zile, sharti uwe na jedwali la unajimu la mwaka huo ili uondoe tofauti hiyo.

Walivyofanya ni hivi. Walipofika tarehe 14, Amundsen hakuridhika na hesabu ya mwendo. Aliwatuma watu watatu, kila mmoja upande wake, karibu kilomita 20, wakasimike bendera, ili hata kama kambi ilikuwa pembeni, Ncha iwe imezungukwa. Vipimo vilipoonesha bado kuna masafa, tarehe 17 walisogea karibu kilomita 10, wakapiga kambi mpya, na wakapima jua kila saa kwa saa 24, watu wawili wawili kwa zamu ili mmoja amshuhudie mwenzake. Kisha wakaacha hema dogo, na ndani yake barua kwa mfalme wao, Haakon wa Norway, pamoja na ombi kwa Scott aipeleke. Scott alifika tarehe 17 Januari 1912, akalikuta hema siku iliyofuata. Barua hiyo ilipatikana pamoja na shajara zake Novemba 1912, maiti zilipogunduliwa. Hapo, ndiyo, ziligunduliwa: kundi la utafutaji halikujua hema liko wapi wala wenzao wamekufaje. Na ushahidi wa aliyeshindwa ndio unaoufunga ushindi wa Amundsen kuliko kipimo chochote.

Linganisha na Ncha ya Kaskazini, ambako "aligundua" si uvivu tu, ni upotoshaji. Vitabu vingi vya shule vinasema Robert Peary aliigundua tarehe 6 Aprili 1909. Peary alidai kufika. Alikuwa na Matthew Henson, Mmarekani Mweusi aliyekuwa fundi wa sleji na mjuzi wa lugha ya Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, pamoja na Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Nahodha Bob Bartlett, aliyejua kupima jua na ambaye angeweza kuthibitisha, alirudishwa nyuma karibu na latitudo 87 na dakika 47. Kuanzia hapo mwendo wa kila siku katika maandishi ya Peary unaongezeka ghafla, na hakuna vipimo vya longitudo. Wala huwezi kwenda kutazama alichoacha: kaskazini hakuna ardhi, ni barafu inayoelea juu ya bahari yenye kina cha zaidi ya mita 4,000, na barafu hiyo haitulii. Frederick Cook naye alidai kutangulia, Aprili 1908, na hakuwa na uthibitisho wa kutosha. Safari ya kwanza isiyo na mgogoro ni ya ndege-puto Norge, iliyopita juu ya Ncha tarehe 12 Mei 1926 ikiwa na Amundsen, Lincoln Ellsworth na Umberto Nobile. Kwa mwendo wa juu ya barafu, ni Ralph Plaisted kwa pikipiki za theluji mwaka 1968, na Wally Herbert kwa sleji za mbwa tarehe 6 Aprili 1969. Ona jinsi Kiswahili kinavyotosheleza: Peary alidai kufika, Norge ilipita juu, Herbert alifika. Vitenzi vitatu, habari tatu. "Gundua" inaziponda ziwe uji mmoja.

Mtu atasema nimekikataa kitenzi hiki kabisa. La. Kina mahali pake hata huko kwenye barafu. Ncha ya sumaku ya kaskazini iligunduliwa. Mahali ambapo sindano ya dira iliyo huru kuinama husimama wima hapafahamiki kwa hesabu ya jiometria; sharti patafutwe kwa chombo. James Clark Ross alipapata tarehe 1 Juni 1831 kwenye rasi ya Boothia, kaskazini mwa Kanada, sindano ikiwa imeinama digrii 89 na dakika 59. Na si pa kudumu: ncha hiyo imeshahama hadi Bahari ya Aktiki. Vilevile Ernest Shackleton aligundua njia ya kupandia nyanda za juu, ule mto mkubwa wa barafu wa Beardmore, Desemba 1908, na Amundsen akagundua wake, Axel Heiberg, Novemba 1911. Hakuna ramani iliyokuwa nayo. Ukitaka kuandika "Amundsen aligundua", malizia kwa mto huo wa barafu, nami nitanyamaza.

Tabia hii tumeirithi pamoja na "Speke aligundua Ziwa Viktoria mwaka 1858", sentensi iliyowapita kimya wavuvi wa Mwanza waliokuwa wakiliita Nyanza na kula samaki wake. Wengi siku hizi wameistukia ile ya ziwa na kuikosoa. Basi waikosoe na ya Ncha, kwa sababu nyingine: kule hapakuwa na mwenyeji wa kudhulumiwa, ila kuna kazi ya kupima inayodhulumiwa.

Sentensi ya pili haihitaji maneno mengi. Ncha ya Kusini ni nukta. Antaktika ni bara la kilomita za mraba milioni 14 hivi. Kutoka nchani hadi ufuo ulio karibu ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo hakuna meli iliyowahi kuzama Ncha ya Kusini wala itakayozama. Meli ya Shackleton, Endurance, ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell Januari 1915, ikazama tarehe 21 Novemba mwaka huohuo, na mwaka 2022 iligunduliwa (neno mahali pake) kwenye kina cha mita 3,008. Shackleton mwenyewe hakufika nchani kamwe. Aliyokaribia zaidi ni tarehe 9 Januari 1909, alipogeuza katika latitudo 88 na dakika 23, kilomita 180 hivi kabla, kwa sababu chakula kilichobaki kisingewarudisha. Mwanafunzi aandike: "Meli ya Shackleton ilizama katika Bahari ya Weddell, Antaktika."

Kuhusu majina, neno bora lilikuwa "mpelelezi". Kupeleleza ni kuchunguza kwa hatua, kwenda ukipima na kuuliza, na ndivyo walivyofanya hawa. Vitabu vya zamani vililitumia bila shida. Siku hizi polisi na majasusi wamelichukua, na ukiandika "mpelelezi Amundsen" darasa litadhani anatafuta mwizi. "Mvumbuzi" limeegemea upande wa watu wa mitambo na dawa. "Mgunduzi" limeenea magazetini na mitihanini, na kuling'oa leo ni kupoteza nguvu. Nalivumilia kama jina la kazi, kwa kuwa mtu anaweza kuitwa mgunduzi kwa yale aliyoyagundua kweli, nao waligundua mengi: milima, rasi, mito ya barafu, mikondo ya bahari. "Msafiri wa nchani" ni la wazi zaidi kwa asiyependa ubishi. Ila akishaitwa mgunduzi, kitenzi kinachofuata lazima kiseme alichofanya siku hiyo: alisafiri, alipima, aligeuza, alifika, alidai kufika.