Programu ya DOS ya duka la Langoni, na kwa nini Plan 9 haikuhitaji kujali

Mwenzetu ameuliza kwa nini makampuni yasifanye kama watafiti wa Bell Labs, maabara ya Marekani, walivyofanya na Plan 9, mfumo wao wa kuendeshea kompyuta, watupe ya zamani yote waandike mfumo msafi, maana Windows imejaa viraka vya kubeba programu za zamani. Mimi natengeneza kompyuta hapa Lamu na swali hili lilishawahi kuletwa mezani kwangu limefungwa kwenye gunia.

Kuna mzee ana duka Langoni, anauza kamba, misumari na rangi za mashua. Stoki yake na madeni ya manahodha yote yako kwenye programu ya DOS (mfumo wa zamani kabla ya Windows) aliyoandikiwa miaka ya tisini na kijana ambaye alishahama zamani na hakuacha msimbo wowote. Kompyuta ikafa, nilipoifungua chumvi ilishakula bodi, pini zimeota ukungu wa kijani, ila hadidiski nzima. Mwanawe akaleta mashine mpya toka Mombasa, Windows ya biti 64, tukaibonyeza ile programu ikatoka meseji tu kwamba haiwezi kufunguka kwenye kompyuta hii. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, madeni ya watu yamo bado?" Nikamwambia yamo baba, ila hatuna pa kuyafungulia.

Sababu ni kwamba prosesa ikishaingia hali ya biti 64 ile njia yake ya kuendesha programu za DOS moja kwa moja haipo tena, na Windows za biti 64 hazina NTVDM, ile sehemu ya Windows inayofungua programu za DOS. Nikaifuta nikaweka Windows 10 ya biti 32, nikawasha NTVDM, ikafunguka. Printa ndo ilinitoa jasho, programu inataka LPT1, tundu la printa za zamani, na mashine haina hata hilo tundu, mpaka nikaisheya printa ya USB na kuielekeza huko kwa amri ya net use, saa nne usiku ikatoa karatasi ya kwanza na majina yote ya manahodha yamo.

Sasa rudi kwa Plan 9. Toleo la nne la 2002 walibadilisha kabisa itifaki yao ya 9P, yaani kanuni ambazo programu zake hutumia kufikia mafaili, sababu ile ya mwanzo jina la faili halikuzidi herufi 27, wakaona haifai wakaivunja. Waliweza kwa sababu msimbo wote ni wao, na aliyevunja ndo huyohuyo anayerekebisha, watumiaji wenyewe wachache na wengi wao wanajua kukompaili, yaani kujitengenezea upya programu kutoka kwenye msimbo. Hiyo ndo kazi ya utafiti, na nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini Windows ikivunja kitu, wa kurekebisha si aliyevunja, ni mzee wa Langoni ambaye hakuomba kibadilishwe chochote. Kwa hiyo vile viraka mnavyovicheka mimi naviona ni amana za watu, na wanaolipia sapoti wanalipia hasa hilo.

Alafu kuna jambo linasahaulika sana. Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike wa Bell Labs walibuni UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za lugha zote kwenye kompyuta, na Plan 9 nzima ikahamishiwa humo kwa siku chache tu, kitu ambacho kampuni yenye wateja isingethubutu. Lakini angalia walichokibuni: faili lolote la ASCII, ile njia ya zamani ya herufi za Kiingereza, tayari ni UTF-8 halali, hubadilishi hata baiti moja. Yaani waliokuwa huru kuvunja wakatuletea kitu ambacho hakivunji, ndo maana kimeenea dunia nzima. Kuna maalim huniletea tenzi anazonakili kwa herufi za Kiarabu, zamani akizichapa kwake kwa kodipeji ya Kiarabu (jedwali la zamani la herufi za lugha moja moja), kwangu zinafunguka alama tupu zisizosomeka. Saa hizi beti ya Kiarabu na ya Kilatini zinakaa ukurasa mmoja, na mimi sigusi kitu.

Kwa hiyo ndugu, kama mfumo wako ni wa chuo, vunja, tena vunja mapema kabla watu hawajauzoea. Kama unampelekea mtu wa zahanati au duka, usiguse anachokitegemea mpaka umempa njia ya kutoka.

Windows 10 yenyewe sapoti iliisha Oktoba 2025. Mashine ya mzee nimeichomoa intaneti, na kila Alhamisi napita kuchapa ripoti ya madeni kwenye faili la maandishi matupu badala ya karatasi, tumefika herufi M.