Kabla Hujaifuata Treni Chini ya Mto

Tangu niweke ile picha yangu ya Bahari ya Shamu, nikiwa pembeni ya kichwa cha treni kilicholala chini ya maji, simu haijapumzika. Ujumbe ulionigusa kuliko yote umetoka kwa kijana wa Makambako: "Shikamoo kaka. Mimi nakaa jirani na reli na mito huku iko tele. Nataka siku moja nizamie treni iliyolala mtoni, siyo baharini. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Mimi ni mtoto wa Iyunga, Mbeya. Honi ya TAZARA ndiyo iliyokuwa ikituamsha, na habari za reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nilizisikia nyumbani kabla sijazisoma shuleni. Kwa hiyo niliposoma kwamba meli ya Waingereza iitwayo Thistlegorm ilizamishwa na ndege za Wajerumani katika Bahari ya Shamu, upande wa Misri, Oktoba 6, 1941, ikiwa imebeba vichwa viwili vya treni, nilijiambia nitafika. Sikuwa na hela wala pasipoti, na kuogelea kwenyewe nilikuwa najua kwa kubahatisha.

Kituo cha mafunzo ya kuzamia nilichokwenda kujiandikisha kule pwani, dada wa mapokezi aliniuliza nimemleta mgeni gani. Nikamwambia mwanafunzi ni mimi. Akauliza natokea wapi, nikasema Mbeya. Akamwita mwenzake aje amwone mtu wa viazi anayetaka kuzamia. Walicheka mbele yangu. Miaka imepita na bado inaniuma, siwezi kudanganya. Lakini nilikaa darasani, nikafaulu, na mwaka huu nimeshuka karibu mita 30 nikaviona vile vichwa kwa macho yangu. Mlipuko uliovunja meli ulivirusha nje, sasa vimelala mchangani, kila kimoja upande wake. Boila unaitambua, magurudumu unayatambua, samaki wanapita pale ambapo fundi angesimama. Nililia ndani ya miwani. Nilimfikiria baba, ambaye maisha yake yote aliyatumia kwenye reli.

Sasa, mto. Kule Misri maji ni maangavu, unaiona meli kabla hujaifikia. Mtoni unaweza usiuone hata mkono wako. Tope likishatibuka, tochi haikusaidii, inamulika ukungu wa udongo tu na kukurudishia mwanga machoni. Halafu kuna mkondo. Chuma kilicholala mtoni hukusanya magogo, matawi, nyaya na nyavu. Maji yanapenya katikati yake, wewe hupenyi. Mkondo ukikubana pale, nguvu za mikono hazitakutoa. Mzamiaji hodari haingii upande ambao maji yanaelekea kwenye chuma, hata kama ndiko kunakopendeza.

Na usifikiri treni inasubiri mahali ilipoangukia. Kule Ujerumani, mwaka 1852, kichwa cha treni kilichokuwa kikisafirishwa kwa meli kilizama kwenye mto Rhine karibu na Germersheim. Wataalamu walikitafuta kwa vipimo vya sumaku, na mwaka 2018 walipokwenda kwenye eneo waliloamini kipo, hawakukikuta. Kwa upande mwingine, daraja la mto Tay kule Scotland lilipoanguka na treni ya abiria usiku wa Desemba 28, 1879, kichwa chake kiliopolewa, kikatengenezwa na kurudishwa kazini. Abiria hawakurudi, hakunusurika hata mmoja. Ndiyo maana nasema mabaki ya treni mtoni yaheshimiwe kama makaburi, na usiguse wala kung'oa kitu. Behewa likiwa majini bado lina mwenyewe. Omba kibali kwanza.

Ushauri wangu mkubwa ni giza. Jizoeze giza. Mimi hufanya hivi Matema, kwenye Ziwa Nyasa: naziba miwani kwa karatasi nyeusi, mwenzangu ananisimamia kwenye maji mafupi, natafuta kifaa cha kupumulia kwa kupapasa, nafungua mkanda wa uzito unaonisaidia kuzama na kuufunga, nafuata kamba kwa vidole mpaka mwisho na kurudi. Fanya hivyo mpaka moyo uache kwenda mbio. Kisha fanya tena. Hewa igawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja usiliguse. Na punguza uzito wa mkanda, maji ya mtoni na ziwani hayakuelezi kama ya chumvi. Kwa mtu wa wastani mwenye vifaa vyote, punguza kama kilo 2.

Lipo jambo moja ambalo sisi wa nyanda za juu tunapaswa kulijua kuliko mtu yeyote, na hakuna mwalimu wa pwani atakayekukumbusha. Unapozamia, naitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa unayovuta, huingia mwilini, na inahitaji muda kutoka. Ukipanda mlima au ndege mapema hewa inakuwa nyepesi, naitrojeni inafanya mapovu kwenye damu na viungo, na mtu anaweza kupooza au kufa. Wazamiaji wote wanajua habari ya kutopanda ndege mara baada ya kuzamia. Lakini mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, nao ni ndege! Unamaliza kuzamia Unguja jioni, asubuhi uko kwenye basi, mchana unapandishwa mlima kwenda Iringa, Mafinga, Mbeya kwenye mita 1,700 hivi. Na ukitoka Ziwa Nyasa ni hivyo hivyo: Matema iko chini ya mita 500, ukishapita Tukuyu barabara inapanda Isongole hadi zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Kanuni inayotumika ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 ukizamia mara kadhaa. Mimi nalala Matema, kula samaki, kupumzika, hata mwenye gari anune vipi. Watu wameniita mwoga kwa hilo. Waniite.

Vijana, acheni kuharakisha! Nawaona mnanunua mitungi ya mitumba kabla ya kupima mapafu na masikio. Mnataka picha. Picha haikupandishi juu hewa ikiisha. Muulizeni mvuvi wa pale kuhusu mamba na kiboko, naye akisema hapana, ni hapana. Mvuvi ana elimu kuliko kompyuta ya kuzamia unayoivaa mkononi. Ukitoka majini, kwenye ziwa au mto, nenda kapime kichocho baada ya wiki kadhaa, usisubiri mkojo wa damu.

Mdogo wangu wa Makambako, daktari akupime kwanza, halafu njoo Matema Septemba. Upepo wa Mwera unakuwa umepungua na mvua bado hazijaleta tope. Vifaa ninavyo. Uje na mtu wa kuzamia naye, maana nitakufundisha gizani na gizani hakuna anayeshuka peke yake, na tiketi ya kurudi uikate ya jioni ya siku inayofuata baada ya kuzamia mara ya mwisho.