Unanunua ncha, si boksi: kuchagua steshini ya kulehemu

Wanaoanza elektroniki ya kujifurahisha huniuliza swali lilelile: ninunue steshini ya kulehemu (boksi la kupangia joto pamoja na chuma chake) ya wati ngapi? Jibu langu huwaudhi kidogo, maana huwaambia waziweke wati pembeni kwanza. Wati huandikwa kubwa kwenye katoni kwa kuwa ni rahisi kuandika. Kinachofanya kazi ni ncha, na jinsi joto linavyotoka kwenye hita hadi kuifikia ncha hiyo. Boksi lenye vitufe na kioo ni msindikizaji tu.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, tafuta bodi ya amplifaya yenye shaba pana upande wa ethi, kisha ujaribu kulehemu mguu wa katikati wa 7805, kile kijenzi cha miguu mitatu kinachodhibiti volti. Mguu huo ndio unaokwenda ethi, na shaba yote ile hunyonya joto kwa fujo. Kwa kile chuma cha bei poa kinachochomekwa moja kwa moja ukutani, lehemu inagusa, inayeyuka nusu, halafu inaganda kama ugali uliokosa maji: kijivu, na vinundu juu. Unakandamiza, unasubiri, unakandamiza tena, na mwishowe kile kiduara cha shaba kinabanduka kwenye bodi. Kwa ncha inayorudisha joto haraka, mguu uleule unachukua sekunde mbili au tatu. Lehemu inatandaa, inapanda kidogo kwenye mguu, inang'aa, unaondoa mkono.

Ajabu ni kwamba vyuma hivyo viwili vinaweza kuwa vimeandikwa wati 60 vyote. Lehemu ya bati na risasi ya 63/37 inayeyuka kwenye nyuzi 183 tu, kwa hiyo si kwamba chuma cha bei poa hakifiki huko. Kinafika na kupita mbali kikiwa hewani. Kikigusa shaba kinaporomoka, na hakina sensa ya kukiambia kimeporomoka.

Steshini za kawaida zimegawanyika kwa namna ncha inavyokaa. Kuna zile za mtindo wa 936 ya Hakko, kampuni ya Japani, ambazo China imezinakili kwa wingi. Hita ni kijiti cha kauri chenye sensa ndani yake, na ncha ni kama kofia inayovikwa juu. Kati ya kofia na kijiti kuna nafasi ndogo ya hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Sensa nayo inapima hita, haipimi mwisho wa ncha. Kwenye nakala mbovu kofia inacheza kabisa: ukiitikisa unasikia kwa vidole. Kioo kinasema 350 na ncha iko mbali na hapo.

Si kwamba mtindo huo wenyewe ni mbaya. Hakko FX-888D, inayotumia ncha za T18, ina hita na kofia vilevile, lakini vimekaana sawasawa na imefanya kazi miaka mingi kwenye meza za mafundi na wanafunzi. Weller WE1010 ya wati 70 iko kundi hilohilo. Ukiweza kununua mojawapo ikiwa halisi, nunua usome makala nyingine. Kitu kimoja tu cha kuilalamikia FX-888D ni vile vitufe viwili vya kupangia joto, vinavyomfanya mtu abonyeze kama anayetafuta stesheni ya redio usiku. Toleo lililofuata, FX-888DX, limerudisha kitasa cha kuzungusha, na nilifurahi.

Kundi la pili ni la katriji. Hapa hita, sensa na ncha ni kitu kimoja kisichotenganishwa, na sensa iko karibu sana na pale unapogusia. T12 ya Hakko ndiyo maarufu zaidi kwa watu wa mfuko wetu, kwa sababu viwanda vya China vinatengeneza boksi dogo la kuiendesha pamoja na katriji zenyewe. Juu yake kuna C245 ya JBC wa Hispania. Ukiishika utaielewa papo hapo, inapata moto ndani ya sekunde chache tu. Steshini halisi ya JBC kwa mtu anayelehemu Jumamosi ni anasa, ila siku hizi kuna boksi za China zinazotumia katriji za aina hiyo kwa bei ya kibinadamu zaidi.

Kwa anayeanza leo, mimi ningemwelekeza kwenye T12 au kwenye Pinecil, kile chuma kidogo cha Pine64 kinachotumia chaja ya USB-C. Na hapa ndipo wati zinarudi kwa heshima yake. Katriji ya T12 ina ukinzani wa takriban omu 8. Ukiilisha volti 12 unapata wati 18, na hapo utalaani bure. Kwa chaja ya laptop ya volti 19 unapata 45. Kwa volti 24 unapata 72, na huo ndio ulaji wake halali. Kwa hiyo muuzaji akikuambia steshini yake ni ya wati 72, uliza inalishwa volti ngapi. Pinecil ni vivyo hivyo: chaja ya simu inayoishia volti 9 itaiwasha kioo na kukupa matumaini ya bure. Tafuta chaja au pawabenki ya PD (mfumo wa USB-C wa kutoa volti kubwa zaidi) inayotoa volti 20. Faida yake kubwa ni kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi, unaendelea.

Umeme wenyewe unataka maneno zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapodharau.

Kwanza volti. Ndugu aliyeko Marekani akikuletea steshini kama zawadi, mshukuru, kisha geuza boksi usome nyuma. Za soko la kule ni za volti 120. Zile zenye transfoma nzito ndani hazina huruma: ukichomeka kwenye 230 zetu, zawadi imekwisha. Mwambie mapema atafute toleo la 220 hadi 240.

Pili ethi. Boksi nyingi za T12 zina pawasaplai ya swichi ndani, na ndani ya pawasaplai hiyo kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 24. Ethi ikiwepo, hakuna neno. Ethi isipokuwepo, ncha yako inaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, utasikia kama kuwashwa tu ukigusa kasha kwa upande wa ndani wa mkono, lakini mosfeti (aina ya transista) au aisii (chipu) nyeti haina ngozi ya kuistahimili. Sasa angalia ekstensheni zinazouzwa mitaani: matundu matatu usoni, waya mbili ndani, wa ethi haupo.

Kupima ni rahisi. Steshini ikiwa haijachomekwa, weka mita kwenye omu, ncha moja ya mita kwenye ule mguu mrefu wa plagi, nyingine kwenye ncha ya kulehemu. Inatakiwa usome omu chache, chini ya tano. Rudia kwenye kasha kama ni la chuma. Mita isiposoma kitu, fungua boksi. Mara nyingine waya wa ethi umefika kwenye soketi ya nyuma ukaishia hapo, na rangi ya kasha imezuia mguso. Kwangua rangi kidogo pale kwenye skrubu, funga waya wa ethi kwa kiungio cha duara, pima tena. Kama hujazoea kufungua vitu vya umeme wa ukutani, mpe anayejua. Hiki si kipimo cha kuruka hata kama muuzaji amekuapia.

Kuhusu vipuri: kabla ya kulipa, uliza ncha zake zinauzwa wapi. Kariakoo na Luthuli Avenue, za 900M za mtindo wa 936 ndizo ninazokutana nazo kirahisi. T12 zipo lakini kwa kubahatisha maumbo, na nyingine huagizwa mtandaoni. Steshini nzuri isiyo na ncha mkoani kwako ni pambo. Tena jihadhari na "Hakko" ya bei ya kutupa. Bandia ni nyingi, za boksi na za ncha. Ncha bandia ina mipako myembamba ya chuma juu ya shaba, na mipako hiyo ikishatoboka, lehemu inaila shaba ndani na kuacha shimo. Kwa sababu hiyohiyo usiwahi kupiga ncha msasa au tupa, hata ikiwa nyeusi namna gani.

Ile ncha kali kama sindano inayokuja na steshini nyingi, iweke kwenye droo. Wengi hudhani kazi ndogo inataka ncha nyembamba, kumbe wembamba ndio unaozuia joto kupita. Nunua ya patasi ya milimita 2.4, D24 kwa lugha ya Hakko, na itafanya karibu kila kitu: rezista, soketi, waya, hata vijenzi vidogo vya kubandikwa juu ya bodi. Ya pili iwe ya kisu, K, kwa miguu mingi iliyopangana ya aisii.

Joto, mimi huanza na 320 kwa lehemu ya risasi na 350 kwa isiyo na risasi, ambayo inayeyuka karibu na 217. Utakutana nayo sana ukifungua vifaa vilivyotengenezwa baada ya Julai 2006, Ulaya ilipoanza kuzuia risasi kwenye vifaa vya elektroniki. Ikigoma, ongeza kwanza flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika) na lehemu mpya kidogo, ndipo uguse kitufe cha joto. Moshi unaouona unatoka kwenye flaksi, si kwenye risasi, lakini kifua hakiupendi, kwa hiyo kaa dirishani na feni ivute kuelekea nje. Risasi yenyewe inabaki vidoleni. Nawa kabla ya kushika chapati.

Fedha ikibaki, usiimalizie kwenye steshini ya kioo kikubwa zaidi. Nunua lehemu nzuri ya 63/37 yenye flaksi ndani, unene wa milimita 0.8 au chini yake, flaksi ya ziada, utambi wa shaba wa kunyonyea lehemu, na kile kikopo cha nyuzi za shaba ya njano za kusafishia ncha. Sponji la maji si haramu, ila hupoza ncha ghafla kila unapoifuta. Na ukimaliza kazi, usiifute kabisa: iache na tone la lehemu juu yake, ndipo uzime.