Mkiwa Wawili Kando ya Reli Wakati wa Baridi: Ushauri kwa Wanaoanza Kupiga Picha za Treni

Treni ya abiria yenye urefu wa mita 200 ikienda kilomita 160 kwa saa inamaliza kupita mbele yako kwa sekunde nne na nusu tu. Wewe umeisubiri nusu saa, pengine zaidi, umesimama palepale huku vidole vikifa ganzi. Kwa hiyo kazi yote ya maana hufanyika kabla treni haijatokeza. Ikishatokeza, kichwa kinasema hivi na vidole vinafanya vile. Na mambo ya kupanga mapema hupangika vizuri zaidi mkiwa wawili.

Wengi huanza kwa kuuliza kamera gani inunuliwe. Mimi ningeuliza kwanza unakwenda na nani. Tafuta mwenzako asiye na papara, anayeweza kusema "mimi basi, twende zetu" bila kuona haya. Kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani kwamba mmoja akisema baridi imemshinda, mnaondoka wote, hakuna kubembelezana wala "ngoja hii moja tu ipite". Mtu aliyepoa kupita kiasi huanza kuvuta maneno, kujikwaa na kuangusha vitu, na mara nyingi yeye mwenyewe hajitambui. Anayemwona ni mwenzake. Tazamaneni usoni kila baada ya muda: ncha ya pua au shavu likifa ganzi na kugeuka jeupe au la kijivu, siku yenu ya picha imeishia hapo.

Msisimame bega kwa bega. Mtarudi na picha zilezile mara mbili, na ni hasara kwa baridi mliyoila. Mmoja akae penye kona, ambako kichwa cha treni na mabehewa vyote vinaonekana kwa pamoja. Mwingine aende mwisho wa jukwaa la stesheni au kwenye daraja la waenda kwa miguu. Wa kwanza kuiona treni humpigia mwenzake simu: "Imeshanipita." Hakikisheni pia saa za kamera zote mbili zinasoma sawa, ili baadaye mkizipanga picha zifuatane kwa mpangilio wa treni zenyewe. Na kila mmoja aangalie mwenzake hayumo ndani ya fremu yake. Koti jekundu kwenye theluji huonekana kutoka mbali sana.

Ila simu ya rafiki si mlinzi wako. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana baridi inabadilisha hatari yenyewe. Theluji mpya hunyonya sauti. Treni za umeme tangu hapo huja kimyakimya, na wewe umefunika masikio kwa kofia. Penye njia mbili, kelele za treni moja huificha nyingine inayotoka upande wa pili. Treni ya kasi ile ikifunga breki huhitaji kama kilomita moja kusimama, kwa hiyo dereva akikuona hana la kukufanyia. Kaeni nje ya uzio, nyuma ya mstari wa usalama jukwaani, na msikatize reli popote pasipo na kivuko. Nyaya za juu hubeba volti 15,000 au 25,000 katika nchi nyingi, na umeme wa namna hiyo huruka hewani bila kuguswa. Usiinue stendi ya kamera wala fimbo ya simu ukiwa darajani juu yake. Flashi izimwe kabisa, humpofusha dereva. Stesheni nyingine hazitaki stendi za miguu mitatu jukwaani: muulize mfanyakazi, na akikataa usibishane naye.

Sasa mwanga, ambao ndio unaotutoa nje siku kama hizi. Katika majira ya baridi jua halipandi juu. Mahali palipo nyuzi 50 kaskazini ya ikweta, mwishoni mwa Desemba jua la saa sita mchana huwa kama nyuzi 16 au 17 tu juu ya upeo. Maana yake mwanga ule mzuri wa ubavuni, ambao kiangazi huupati ila alfajiri na jioni, unaupata karibu mchana kutwa, na unaingia hadi chini ya mabehewa, kwenye magurudumu na fremu zake, ambako kiangazi huwa giza tupu. Kaskazini ya ikweta simama upande wa kusini wa reli, jua likiwa mgongoni au begani kwako. Kusini ya ikweta geuza. Halafu angalia vivuli. Jua la chini hurefusha kila kitu: nguzo, miti, na wewe mwenyewe. Kivuli chako kikishafika kwenye mataruma, kitapanda kwenye uso wa treni. Fika mapema, angalia kivuli cha nguzo ya karibu kinaelekea wapi, kisha kisia kitakuwa wapi saa ya treni. Hapo pia wawili ni bora: mmoja hutembea kando ya uzio, mwingine akiwa nyuma ya kamera anamwambia "hapo, kichwa cha treni kitafika hapo".

Theluji huidanganya kamera. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kitu duniani ni kijivu, kwa hiyo kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga na theluji inatoka kama majivu. Dawa ya kawaida ni kuongeza mwanga kwa kituo kimoja hadi kimoja na nusu (kituo kimoja ni mwanga maradufu) kwenye kipimo chenye alama za + na −. Kwa picha za treni, dawa hiyo peke yake haitoshi. Treni yenye rangi nyeusi ikijaza fremu, kamera hubadili mawazo. Taa zake za mbele zikikuelekea, hubadili tena. Ndiyo maana nashauri uweke kila kitu kwa mkono: piga picha ya jaribio kwenye theluji, tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia, isigonge ukuta wa kulia, kisha usiguse tena mpaka jua libadilike. Hifadhi picha kama faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata, kwa sababu vivuli kwenye theluji huwa vya bluu na utataka nafasi ya kuamua baadaye bluu hiyo ibaki kiasi gani. Mimi huiacha nyingi.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga: kwa kilomita 160 kwa saa, treni husogea sentimita 4.4 ndani ya 1/1000 ya sekunde. Ikikujia kwa mbele hilo halionekani sana. Ikikupita kwa ubavu linaonekana. Anza na 1/1000. Tatizo ni vile vibao vya taa vinavyoandika treni inakokwenda. Huwaka na kuzima kwa kasi ambayo macho hayaioni, na shata ya haraka hukata herufi katikati. Kwa treni iliyosimama au inayoingia taratibu stesheni, shuka hadi 1/125 na herufi zitakamilika.

Theluji ikiwa inaanguka, fokasi ya kamera hukimbilia chembe zilizo karibu na lenzi na kuiacha treni ikiwa ukungu. Lenga nguzo iliyo sawa na mahali unapotaka treni iwe, fokasi hapo, kisha izime fokasi ya kujiendesha. Halafu subiri treni ifike kwenye nguzo. Usiifuate.

Mambo mawili yanapatikana msimu huu tu, na ni haya yanayonitoa nyumbani. La kwanza ni vumbi la theluji linalotimka nyuma ya treni ya kasi. Piga ikiwa inaondoka, si inakuja, na wengi hushusha kamera mapema mno. La pili ni cheche. Asubuhi yenye jalidi, barafu nyembamba hukaa kwenye waya, na pantografu, ule mkono wa juu ya paa unaochota umeme, hurukaruka na kutoa miale ya bluu. Treni za kwanza za siku ndizo zinazosafisha waya, kwa hiyo anayelala hadi saa tatu hazioni.

Betri za lithiamu hulegea kwenye baridi hata zikiwa zimejaa. Weka za akiba mfuko wa ndani karibu na mwili na uzibadilishe kwa zamu. Iliyoonekana kufa mara nyingi hufufuka ikipata joto. Kamera yenyewe usiifiche ndani ya koti, kwa sababu jasho lako litageuka ukungu kwenye lenzi. Theluji kwenye lenzi ipanguse kwa brashi, usiipulize kwa mdomo: pumzi huganda papo hapo. Kuhusu mavazi sina mengi, ila miguu. Simama juu ya kipande cha godoro la sponji au boksi, si juu ya zege tupu, na buti zisikubane.

O. Winston Link, Mmarekani aliyepiga picha za treni za mvuke usiku kati ya 1955 na 1960, alikuwa na wasaidizi wa kumpangia flashi kando ya reli. Msione aibu basi kugawana kazi. Mmoja akiingia chumba cha kusubiri kuota joto, mwingine abaki nje na kamera zote mbili, kisha mbadilishane. Kamera iliyopoa ikiingia kwenye joto hutoka maji nje na ndani, na ikirudishwa kwenye baridi maji hayo huganda. Mkimaliza kabisa, fungeni kila kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa mkiwa bado nje, na ikae humo saa moja au mbili baada ya kuingia ndani. Toeni kadi ya kumbukumbu kabla ya kufunga mfuko, maana hakuna atakayevumilia saa mbili bila kutazama picha.